Mlinzi Asiye na Mwizi

Ndugu msomaji, kabla sijakupeleka Karonga ya mwaka 1887, naomba unisindikize kwanza hadi kwenye kibanda cha bati nyuma ya ofisi moja ya serikali pale Kyela mjini. Hapo nililinda usiku kwa muda wa miezi saba, baada ya kumaliza kidato cha sita na kukaa kijiweni mpaka mama akachoka kuniangalia. Kampuni iliyoniajiri sitaitaja, na ofisi yenyewe sitaitaja. Ninalotaka kulizungumzia ni daftari.

Kila lindo lilikuwa na daftari la matukio. Ukiingia zamu saa kumi na mbili jioni unaandika jina lako na vitu ulivyokabidhiwa: rungu moja, tochi moja, funguo nne, koti la mvua moja (na kwa mvua za Kyela, koti ni mali). Asubuhi unaandika: "Lindo limekuwa salama usiku kucha." Nilikuwa nimeandika maneno hayo kwa miezi mitano mfululizo, mkono umeshayazoea kama saini.

Siku moja msimamizi wetu akaja na pikipiki, akalifungua daftari, akatikisa kichwa.

"Sasa dogo, hili daftari mbona jeupe hivi? Mkataba unaisha mwezi wa sita. Wakubwa wakisoma humu watasema hapa hakuna wezi, basi wapunguze walinzi, au tenda wapewe wengine. Andikeni matukio bwana! Nyie si ndio mmesoma?"

Mwenzangu wa zamu alikuwa mzee wa Ipinda, ambaye nilimwita tata, kama kijana yeyote wa kwetu anavyomwita mtu wa rika la baba yake. Alisubiri pikipiki iondoke, akacheka.

"Mwanangu," akasema, "mlinzi asiye na mwizi hana mshahara. Hata Mandala walianza hivyo hivyo."

Nikamuuliza Mandala ndiye nani. Mzee alikuwa ameoa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Huko kwa wakwe zake duka kubwa la kampuni ya Wazungu liliitwa Mandala, na wazee walisimulia jinsi kampuni hiyo ilivyokuja kuuza nguo ikaishia kupigana vita. Kwetu sisi Songwe ni mpaka wa kwenye karatasi tu. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule tunasikilizana lugha, tunaoana na tunazikana. Kwa hiyo hadithi ile ilikuwa yangu pia, nami nilikuwa siijui. Nikaanza kutafuta vitabu, nikavisoma chini ya taa ya lindo. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Kampuni ya mwenye miwani

Mwaka 1878 wafanyabiashara wa Glasgow, watu waliokuwa karibu na misheni ya Livingstonia, waliunda kampuni ya kufanya biashara katika Ziwa Nyasa. Baadaye ilijulikana kwa jina la African Lakes Company. Mameneja wake walikuwa ndugu wawili, John na Frederick Moir. John alivaa miwani, na wenyeji walipoona inavyong'aa kama maji juani wakampa jina la Mandala. Jina likatoka kwa mtu likahamia kwenye kampuni na maduka yake yote.

Nia waliyoitangaza ilikuwa njema: kuleta biashara ya halali ili biashara ya watumwa ife yenyewe. Wangeuza nguo na shanga, wangenunua pembe za ndovu. Mwaka 1881 ilianza kujengwa barabara ya kutoka Karonga kuelekea Ziwa Tanganyika, kwa fedha za tajiri James Stevenson wa Glasgow. Haikufika mwisho, lakini Karonga ikawa mlango wa kuingilia bara.

Sasa, pembe zilikuwa kwa nani? Zilikuwa kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliozitoa magharibi ya ziwa, mmoja wao akiitwa Mlozi. Mandala walinunua pembe kwa hao hao waliosema wamekuja kuwaondoa. Na mara nyingi kampuni haikuwa na bidhaa za kutosha kulipa kwa wakati. Wenye pembe wakakaa kungoja malipo yao, wakajenga maboma, na watu wao wenye bunduki, ruga-ruga, wakaishi kwa kuwanyang'anya Wangonde. Kwa maneno mengine, sehemu ya hatari ile ilivutwa na biashara ya kampuni yenyewe.

Lakini tusidanganyane. Mlozi hakuwa malaika aliyesingiziwa. Mwaka 1887 alijitangaza sultani wa nchi ya Wangonde. Oktoba ya mwaka huo watu wake waliwavamia wenyeji waliokuwa wamekimbilia kwenye matete ya Kambwe, karibu na Karonga. Matete yakatiwa moto. Waliotoka walipigwa risasi, na waliojitupa majini wakakutana na mamba. Hatari ilikuwa ya kweli, na watu waliokufa walikuwa ndugu zetu. Hili lazima lisemwe kwanza, kwa sababu hoja yangu si kwamba mwizi hakuwepo.

Vikafuata vita. Monteith Fotheringham, wakala wa kampuni pale Karonga, alijizungushia ngome, akapigana akisaidiwa na Wangonde na jamaa zao wa kaskazini. Mwaka 1888 akatokea Kapteni Frederick Lugard, ofisa wa jeshi la Uingereza la India aliyekuwa likizoni, akakubali kuiongozea kampuni vita vyake. Tarehe 16 Juni 1888 alishambulia boma, akapigwa risasi, shambulio likashindwa. Mwanzoni mwa 1889 ukaletwa mzinga. Makombora yake yalipenya kuta za miti na udongo yakatokea upande wa pili, na kuta zikabaki zimesimama. Serikali ya London haikuleta hata askari mmoja. Kwao hivyo vilikuwa vita vya kampuni.

Kalamu ilipochukua zamu

Hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kile kibanda cha bati. Kampuni iliyoshindwa kwa bunduki ilikuja kushinda kwa karatasi, na karatasi zenyewe zilikuwa za aina mbili.

Aina ya kwanza zilikwenda Ulaya: barua, ripoti, hotuba za makanisani. Mwaka 1889 wachungaji na wazee wa kanisa zaidi ya 11,000 wa Scotland walitia saini ombi kwa Waziri Mkuu Lord Salisbury, wakimtaka azilinde nchi za misheni na kampuni zisimezwe na Wareno. Fotheringham alichapisha kitabu chake mwaka 1891, na Lugard akatoa chake mwaka 1893. Mlozi hakuandika kitabu, wala wale waliochomwa Kambwe hawakuandika. Msomaji wa Glasgow alipata daftari la matukio lililojazwa na mlinzi peke yake.

Aina ya pili ya karatasi zilibaki huku huku. Machifu walioogopa bunduki za Mlozi waliweka alama kwenye mikataba ya kampuni, kwa ahadi ya kulindwa. Karatasi hizo hazikufa vita vilipokwisha. Madai ya Mandala yaliingia mikononi mwa British South Africa Company, kampuni ya Cecil Rhodes, na utawala wa Kiingereza ukayatambua: zaidi ya ekari milioni 2.5 za wilaya ya kaskazini mwa Nyasa zikaandikwa jina la kampuni, na madai hayo yakadumu hadi miaka ya 1930. Hebu fikiria, ndugu msomaji: umeomba mlinzi wa usiku, asubuhi anakuambia nyumba ni yake.

Huyu Rhodes aliingiaje? Kwa mshiko. Tarehe 22 Oktoba 1889 konseli Harry Johnston alifunga mkataba wa amani na Mlozi, na safari yake ya mikataba ilikuwa imegharimiwa na Rhodes kwa pauni 2,000. Wiki moja baadaye, tarehe 29 Oktoba, kampuni ya Rhodes ikapata hati ya kifalme. Mwaka 1891 Uingereza ilipotangaza ulinzi wake juu ya nchi hiyo, Bunge halikutaka kutoa fedha. Kampuni ya Rhodes ikakubali kutoa pauni 10,000 kila mwaka za kulipia polisi na utawala. Johnston akaja na askari wapatao 70 kutoka India, wengi wao Makalasinga.

Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Nilikuwa nimezoea kwamba serikali ndiyo inayoikodi kampuni imlinde mwananchi. Hapa kampuni ndiyo iliyolipia polisi wa serikali. Sasa bosi ni nani? Anayevaa nembo au anayetoa mshahara?

Desemba 1895 Johnston alirudi Karonga na askari, waliobebwa na meli za Mandala pamoja na nyingine. Boma la Mlozi likavunjwa, na baada ya kesi ya haraka akanyongwa tarehe 5 Desemba. Lugard hakuwepo. Mwaka 1890 alikuwa amechukuliwa na kampuni nyingine, Imperial British East Africa Company, akaenda kupigana Uganda. Kampuni hiyo nayo ikaishiwa fedha, ikapiga kelele Uingereza, serikali ikaitwaa Uganda mwaka 1894, na mwaka 1895 kampuni ikalipwa fidia ya pauni 250,000. Somo alilojifunzia mwenzetu kwenye matete ya Karonga lilikuwa limemwingia barabara.

Upande wetu wa Songwe

Usije ukadhani hayo ni ya ng'ambo tu. Huku kwetu mtindo ulikuwa ule ule, kwa lugha ya Kijerumani.

Kampuni ya Carl Peters ilipata hati ya ulinzi kutoka kwa Kaisari tarehe 27 Februari 1885. Jina lenyewe la hati hiyo lilikuwa "ulinzi". Mwaka 1888 kampuni ikapewa na Sultani wa Zanzibar mamlaka ya kuendesha pwani na kukusanya ushuru. Agosti ikapandisha bendera yake, na watu wa Pangani wakaanza vita, Abushiri bin Salim akiwa kiongozi wao. Wafanyakazi wa kampuni walifurushwa karibu pwani nzima.

Bismarck hakupenda kumwaga fedha za serikali kwa ajili ya wachuuzi. Lakini huko Ujerumani kampeni ya kupinga utumwa ilikuwa imepamba moto. Oktoba 1888 ulifanyika mkutano mkubwa Cologne, na vita vya pwani vikaanza kuelezwa kuwa ni vita vya kuzuia watumwa. Januari 1889 Bunge likapitisha mark milioni 2. Hermann Wissmann akaajiri Wasudani wapatao 600 kutoka Misri, na Washangaani kutoka Msumbiji. Abushiri akanyongwa Desemba 1889. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ikachukua utawala wote, na kampuni iliyoshindwa kulinda hata maboma yake ikapangiwa mark 600,000 kwa mwaka kutoka mapato ya forodha. Ushuru ule ulitoka kwenye mizigo ya watu wa pwani. Aliyelipia dili lile ni yule yule aliyepigwa.

Kwetu mpaka wa Songwe uliandikwa Ulaya tarehe 1 Julai 1890. Mwaka 1893 ikashushwa ziwani meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann, na kituo cha Langenburg kikajengwa ufukweni chini ya milima ya Livingstone. Fedha za meli hiyo zilichangwa kwa bahati nasibu ya kupinga utumwa. Watu wa mijini Ujerumani walinunua tikiti, na huku kwetu ikafika meli ya kijeshi. Mwaka 1895 meli hiyo hiyo ilisaidia kubeba askari wa Johnston waliokwenda kumnyonga Mlozi. Waliokuwa wakigombea mpaka walijua kusaidiana.

Tenda ya leo

Utasema: dogo, hayo ni ya ukoloni, leo mambo yana sheria. Kweli kabisa, na mimi si mtu wa kukataa ukweli. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ununuzi wa Umma mwaka 2001, ikatungwa nyingine mwaka 2004, nyingine 2011, na nyingine 2023. Ofisi ya serikali inayotaka walinzi haimwiti tu mtu inayemjua. Inatangaza mahitaji, inaweka vigezo, kampuni zinaomba kwa ushindani, na tangu mwaka 2023 maombi yanapita kwenye mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Mwombaji lazima awe amesajiliwa, ana leseni, hadaiwi kodi. Sheria imetenga hata fungu kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ndugu Moir hawakushindanishwa na mtu, na hakuna aliyewauliza bei. Kwa hiyo hatua tumepiga.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo sikuyaona yakiandikwa kwenye tangazo lolote.

La kwanza ni bei. Gharama kubwa ya ulinzi ni mtu. Kampuni ikitaka kushinda kwa bei ya chini haipunguzi rungu wala tochi, inapunguza mshahara wa aliyeshika rungu. Mimi na tata tulikaa miezi miwili bila kulipwa, tukiambiwa "serikali haijatoa hela". Labda ilikuwa kweli, labda ilikuwa zuga. Mlinzi hana pa kuuliza, maana kwenye mkataba ule jina lake halimo.

La pili ni lile daftari. Kwenye kazi nyingine zote mteja anaona alichonunua. Ukijenga darasa linaonekana, ukileta madawati yanahesabika. Ulinzi ni bidhaa ambayo ikiwa nzuri haionekani. Usiku ukipita salama, mteja anajiuliza kwa nini analipa. Ndiyo maana muuzaji wa ulinzi hujikuta anauza pia habari za hatari, na habari hizo anaziandika mwenyewe. Na nchi nzima yaweza kufika hapo. Mwaka 1995 serikali ya Sierra Leone, ikizidiwa na waasi, iliikodi kampuni ya Afrika ya Kusini iitwayo Executive Outcomes. Waasi walirudishwa nyuma. Kampuni ikaondoka mwanzoni mwa 1997, na Mei ya mwaka huo serikali ikapinduliwa. Usalama ulikuwa wa kukodi, na mkataba ulipokwisha ukaondoka na mwenye nao.

Sidai kwamba kila kampuni ni Mandala. Wapo wanaolinda kwa haki, na wezi wa kweli wapo, kama Mlozi alivyokuwepo. Ninachosema ni hiki: anayelipwa kwa sababu ya hatari asiachiwe kuiandika hatari hiyo peke yake. Machifu wa Ngonde waliweka alama kwenye karatasi wasizozisoma. Sisi tunasoma, na baadhi yetu ndio tunaoshikishwa kalamu.

Niliyoandika mimi

Nimechelewesha kukueleza, kwa sababu ni aibu.

Msimamizi alipoondoka na pikipiki yake, nilikaa siku mbili nikiwaza. Siku ya tatu niliandika. Kulikuwa na kijana mmoja, umri kama miaka kumi na sita, aliyepita kila alfajiri kwenye uwazi wa ua wetu. Alikuwa akitoka upande wa ziwani na ndoo ya usipa, akikata njia ili awahi sokoni. Alikuwa akinisalimia. Mara mbili tatu alituachia usipa kidogo, tukauchemshia pale kibandani. Nilimjua vizuri. Nikaandika: "Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, mtu asiyejulikana alionekana ndani ya eneo la lindo akiwa amebeba kitu. Alipomulikwa tochi alitoweka."

Tata hakuwa msomaji. Aliniuliza nimeandika nini, nikamwambia: "Ya kawaida tu, tata."

Wiki iliyofuata nilikuwa na mapumziko. Walinzi wa zamu nyingine, wakiwa wamesoma daftari na kuagizwa wawe macho, walimvizia kijana yule kwenye uwazi wa ua. Walimpiga. Akalala rumande siku mbili kabla mama yake hajapata mtu wa kumdhamini. Ndoo ilibaki pale kibandani, usipa ukaoza, na harufu yake nikaikuta niliporudi zamu. Tata aliitazama ndoo, akanitazama mimi, hakusema neno. Kwa mzee kama yule, kunyamaza ndiyo kusema.

Mwezi wa sita mkataba ukaongezwa. Idadi ya walinzi wa usiku ikapanda kutoka wawili hadi watatu. Msimamizi alinipongeza mbele ya wenzangu, akasema huyu dogo kalamu yake inasaidia. Nikamaliza mwezi, nikaacha kazi.

Kijana yule hadi leo anauza usipa. Ninanunua kwake. Ananiita kaka, ananiongezea kiganja, na hajui ni nani aliyeandika. Nimejaribu kumwambia nikashindwa, mara nne sasa. Siku nitakayompelekea gazeti hili nitakaa naye chini nimsomee, na akitaka kunirudishia kipigo kile atakuwa na haki yake.

Ndugu zangu mnaotaka kuwa waandishi, hatuna meli wala mzinga. Tuna hiki tu tulichoshika mkononi, na nimeona kazi kinayoweza kufanya. Kabla sijaiweka kalamu yangu chini, naomba niliandike upya tukio la alfajiri ile, kama lilivyokuwa:

Saa kumi na dakika ishirini. Kijana wa usipa amepita, amesalimia. Lindo limekuwa salama usiku kucha.